Mwana wa Marikiti na Masomo ya Juu ya Sayansi: Mwongozo kwa Mzazi na Mwalimu

Mwanafunzi wa Kenya huanza kupata au kupoteza nafasi ya kusomea uhandisi, udaktari, sayansi ya bahari au teknolojia ya kompyuta miaka mingi kabla ya kujaza fomu ya chuo kikuu, na kwa sababu hiyo mwongozo wa kumtia moyo kijana afuate masomo hayo hauna budi kuanza na kalenda ya maamuzi kabla ya kuingia katika nasaha. Mwongozo huu umekusudiwa mzazi, mlezi, mwalimu wa shule na mwalimu wa chuo, yaani madrasa, anayeishi au kufanya kazi katika mitaa inayolizunguka soko la Marikiti kisiwani Mombasa, soko ambalo lilifunguliwa mwaka 1914 kwa jina la Mackinnon na ambalo hadi leo huuza viungo, matunda, mboga na nyama kwa Mji wa Kale na kwa kisiwa kizima. Hoja yake kuu ni kwamba vijana wa mitaa hii wamezungukwa na sayansi tangu utotoni, sokoni, baharini na chuoni, lakini mara nyingi hawapati mtu mzima wa kuwaonyesha kwamba wanayoyajua ndiyo yanayoulizwa katika mtihani, wala wa kuwaambia kwa wakati unaofaa ni mlango gani unaokaribia kufungwa.

Chini ya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 na unaochukua mahali pa mfumo wa 8-4-4 wa mwaka 1985, mwanafunzi akitoka shule ya msingi hupita sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kisha huingia sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa kumaliza sekondari msingi, ujulikanao kwa kifupi KJSEA, mwishoni mwa mwaka 2025, na Gredi ya 10 ya kwanza ikapangiwa kuanza Januari 2026. Sekondari pevu ina mikondo mitatu: mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao huitwa STEM, mkondo wa sayansi za jamii, na mkondo wa sanaa na michezo. Serikali imekusudia asilimia 60 ya wanafunzi waingie mkondo wa kwanza, ambao wenyewe umegawanyika katika sayansi halisi kama vile fizikia na kemia, sayansi tumizi kama vile kilimo na kompyuta, na masomo ya kiufundi kama vile umeme na ujenzi. Mwanafunzi huchagua masomo matatu ya mkondo wake, ambayo huongezwa juu ya yale ya lazima kwa wote.

Jambo ambalo wazazi wengi hawajalipa uzito ni namna alama za kupangiwa sekondari pevu zinavyohesabiwa. Mtihani wa Gredi ya 9 huchangia asilimia 60 tu ya alama hizo. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutoka katika tathmini zinazofanywa shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba mzazi anayengoja hadi Gredi ya 9 ndipo aulize habari za hisabati na sayansi huwa ameuliza baada ya asilimia 40 ya hesabu kufungwa, na kwamba mazungumzo ya kwanza kuhusu sayansi yanafaa kufanyika mtoto akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja, wakati udadisi wake bado haujavunjwa na aibu ya kukosea mbele ya wenzake. Kuhusu hisabati yenyewe, Wizara ya Elimu ilitangaza Aprili 2025 kwamba somo hilo litakuwa la lazima katika mikondo yote, likiwa na kina zaidi kwa wanafunzi wa STEM na jepesi zaidi kwa wengine. Kwa hiyo kijana anayeukimbia mkondo wa sayansi kwa kuogopa hesabu haziepuki hesabu. Anachoepuka ni kile kiwango ambacho baadaye kingemfungulia uhandisi, urubani au takwimu, na ni wajibu wa mshauri wake kumweleza hilo kabla hajachagua.

Kwa wanafunzi waliosalia katika mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wao wa mwisho wa KCSE umepangwa kufanywa mwaka 2027, tahadhari ni moja na ni nzito. Mwanafunzi wa mfumo huo huchagua masomo yake anapoingia kidato cha tatu, na wengi huacha fizikia kwa madai kwamba ni ngumu na itawashushia wastani. Shahada za uhandisi hudai hisabati, fizikia na kemia. Kwa hiyo anayeiacha fizikia akiwa na miaka kumi na sita huwa amejiondoa katika uhandisi wa umeme, wa mitambo na wa meli, hata kama wastani wake wa mwisho utakuwa A. Aliyekwisha kuiacha asidanganywe kwamba bado anaweza kuwa mhandisi kwa njia ya moja kwa moja, bali aonyeshwe kozi zinazoegemea bayolojia na kemia, ambazo ni nyingi na zina heshima yake.

Baada ya kalenda kueleweka, swali linalofuata ni jinsi ya kumfanya kijana aipende sayansi kiasi cha kuvumilia ugumu wake, na hapa Marikiti yenyewe ni maabara ambayo shule chache zinaitumia. Mada ya asidi na besi hufundishwa mapema katika kemia ya sekondari. Asidi ni dutu ambayo ikiyeyuka majini hutoa ioni za hidrojeni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya. Besi ni dutu inayoibatilisha asidi hiyo, na besi inayoyeyuka majini huitwa alkali. Ukali wa kila moja hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 14, ambapo 7 ni maji safi yasiyoegemea upande wowote. Kitu kinachobadilika rangi kulingana na asidi au alkali huitwa kiashiria, na maduka ya viungo ya Marikiti yamejaa viashiria: manjano ni kimoja, choya ni kingine. Kila mama wa Mji wa Kale aliyewahi kufua kanzu yenye doa la mchuzi anajua kwamba doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Anachokosa kuambiwa ni kwamba amefanya jaribio la kemia, na mtoto aliyesimama kando yake amelishuhudia.

Jaribio hilo linaweza kupangwa sawasawa kwa gharama ndogo. Mwanafunzi hukoroga kijiko cha unga wa manjano katika spiriti ya dawa, mbali na moto kwa kuwa spiriti hushika moto upesi, kisha huchovya vipande vya karatasi nyeupe na kuvianika vikauke. Maji ya magadi, ambayo asili yake ni kaboneti ya sodiamu inayochimbwa Ziwa Magadi katika kaunti ya Kajiado, hugeuza karatasi hiyo kuwa nyekundu ya udongo. Maji ya ndimu, yenye asidi ya sitriki, au ya ukwaju, yenye asidi ya tartariki, huirudisha kuwa ya njano. Choya iliyotiwa maji ya moto huwa nyekundu ikiwa na ndimu na huelekea kijani au buluu ikitiwa magadi, na kwa hiyo inaonyesha hatua nyingi zaidi kuliko manjano. Kinacholifanya zoezi hili kuwa sayansi, badala ya mchezo wa rangi, ni nidhamu yake: mwanafunzi hana budi kuandika anachotarajia kabla ya kudondosha kitu chochote, kuweka karatasi moja iliyotiwa maji matupu ili iwe kigezo cha kulinganisha, kurudia mara kadhaa, na kuandika alichokiona hata kama kinapingana na alichotarajia. Karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE katika kemia, fizikia na bayolojia ni ya vitendo, na mwanafunzi ambaye mikono yake imezoea kupima na kuandika haingii chumba hicho akitetemeka.

Kwa kuwa sayansi nchini Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, inafaa mwalimu amwachie mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokiona na sababu yake, kisha ayaandike maelezo hayo hayo kwa istilahi za mtihani katika daftari lake. Fikra ikitangulia katika lugha ya nyumbani, istilahi hupata mahali pa kushika. Istilahi ikitangulia peke yake hukaririwa na kusahaulika mtihani ukiisha. Mtungi wa udongo unaopoza maji bila umeme unafaa kwa mazungumzo ya namna hiyo, kwa sababu maji yanayopenya ukutani mwake huvukizwa, na mvuke huondoka na joto. Swali zuri la kumpa kijana ni kwa nini mtungi huo huo hupoza vizuri zaidi katika hewa kavu ya bara kuliko katika unyevu wa Mombasa.

Mwalimu wa madrasa naye ana nafasi kubwa kuliko anavyodhaniwa, na kumwacha nje ya mpango huu ni kosa. Elimu ya mirathi, yaani faraidhi, ni hisabati ya sehemu kwa ukamilifu wake: mafungu sita yaliyotajwa katika Kurani ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Marehemu akiacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumuni, mama hupata sudusi, na mwana huchukua kilichobaki. Mwanafunzi hana budi kutafuta namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6, ambayo ni 24, ndipo aone kwamba mke ana mafungu 3, mama 4 na mwana 17. Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya tisa ambaye kitabu chake kiliipa aljebra jina, aliitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Kijana anayetoka chuoni akijua hesabu hizi kisha akaambiwa shuleni kwamba hana kichwa cha hesabu amedhulumiwa, na mwalimu wa madrasa anaweza kuizuia dhuluma hiyo kwa kumtamkia waziwazi kwamba anachokifanya ni hisabati. Katika mji huu hoja hiyo ina mizizi: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu na aliyefariki mwaka 1947, aliwahimiza Waislamu wa pwani kupitia magazeti yake ya miaka ya 1930 waitafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini yao.

Bahari nayo inatoa somo la fizikia na jiografia ambalo halihitaji kununuliwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hujaa takriban dakika 50 baada ya saa ya jana, kwa kuwa dunia ikijizungusha mara moja, mwezi nao huwa umesogea mbele katika njia yake. Bamvua, ambayo ni tofauti kubwa kabisa kati ya maji kujaa na kupwa, hutokea karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati dunia, mwezi na jua viko katika mstari mmoja. Maji mafu hutokea mwezi ukiwa nusu. Darasa linaloweka alama ya kimo cha maji kwenye ngazi au ukuta salama wa Bandari ya Kale kwa mwezi mmoja mzima wa Kiislamu, chini ya uangalizi wa mwalimu, kisha likachora grafu, litakuwa limekusanya data halisi, na wazee wavuvi wa mtaa wataweza kuisahihisha. Hatua chache kutoka hapo, mwezi Juni 2009, kebo ya TEAMS iliyolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu ilifikishwa nchi kavu. SEACOM ilianza kazi mwezi uliofuata, na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Ndani ya kebo hizo kuna nyuzi za kioo ambamo mwanga husafiri kwa kuakisiwa ndani kwa ndani pasipo kupenya nje, na hiyo ni mada ya mwanga ya fizikia ya sekondari. Mwanafunzi wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, anafaa ajue kwamba kebo ya namna hiyo ilifikishwa katika mji wake, na kwamba watu wanaozitunza kebo hizo walianza kwa mada hiyo hiyo.

Yote yaliyotajwa hubatilika pale swali la mtoto linapochekwa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu aliouingiza frijini ukiwa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Swali lake lilidhihakiwa darasani. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuwahutubia wanafunzi. Osborne aliporudi aliliweka swali hilo katika majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala. Jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu hali ambamo hutokea na sababu zake. Anayetaka wanafunzi wengi zaidi waende mbele katika sayansi ajifunze kutoka kwa Osborne, ambaye hakujifanya anajua jibu na hakumdharau aliyeuliza: alilipima.

Suala la mabinti linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Katika baadhi ya nyumba binti mwenye alama nzuri huelekezwa masomo yanayodhaniwa kuwa mepesi, kwa hofu ya maabara ya jioni, mafunzo ya nje ya mji au karakana iliyojaa wavulana. Hofu hizo hazifai kubezwa, kwa sababu nyingine zina msingi, lakini zinaweza kujibiwa moja moja: mzazi anaweza kuuliza shuleni kuhusu ratiba ya maabara na usafiri, na anaweza kumkutanisha binti na daktari, mfamasia au mwalimu wa fizikia ambaye ni mwanamke wa mtaa huo huo. Kukutana mara moja na mtu kama huyo hufanya kazi ambayo mihadhara mingi haiifanyi. Binti aliyefaulu kemia na hisabati kisha akazuiwa ni hasara kwa nyumba yake na kwa hospitali za kaunti zinazohitaji wataalamu.

Ziara ya kitaaluma, yaani safari iliyopangwa ili wanafunzi waone kazi ya sayansi ikifanyika, ni njia nyingine iliyo karibu. Tudor, ndani ya kisiwa hiki, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho historia yake inastahili kusimuliwa kwa kila mwanafunzi wa Mji wa Kale: kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya kiufundi, kikawa taasisi ya ufundi mwaka 1966, politekniki mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na chuo kikuu kamili mwaka 2013. Ng'ambo ya maji, Mkomani, ipo Taasisi ya Kenya ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, iliyoanzishwa mwaka 1979. Chuo cha mabaharia cha Bandari hufundisha kazi za melini na bandarini, na jirani na Ngome ya Yesu kipo kituo cha Swahilipot, ambapo vijana hukutana na teknolojia na sanaa. Mwalimu anayetaka kupeleka darasa aandike barua rasmi mapema akitaja idadi ya wanafunzi, gredi yao na mada wanayoisoma, kwa sababu mwenyeji anayejua mada huandaa kitu cha kuonyesha. Na kila mwanafunzi aende na maswali mawili aliyoyaandika, aulize walau moja.

Linabaki suala la fedha na la njia ya pili. Alama ya chini ya kuingia shahada ni C+ kwa wastani, lakini anayepata C- anaweza kuanza stashahada na anayepata D anaweza kuanza cheti cha ufundi, kisha akapanda ngazi hadi shahada. Politekniki ya Kitaifa ya Pwani ya Kenya, hapa Mombasa, ni mojawapo ya vyuo vya njia hiyo. Njia hii ni ndefu, lakini mhitimu wake huwa na ustadi wa mikono ambao waajiri huutafuta, na mzazi asiizungumzie mbele ya mtoto kama adhabu. Karo inaweza kusaidiwa na basari za eneo bunge na za kaunti, na baada ya sekondari na mikopo ya bodi ya HELB. Misaada hiyo yote husimama au kuanguka kwa makaratasi: jina lililoandikwa kwa namna mbili tofauti katika cheti cha kuzaliwa na katika rekodi ya shule huchelewesha usajili wa mtihani, na kukosekana kwa kitambulisho cha taifa kijana akitimiza miaka 18 huzuia mkopo. Wakazi wengi wa Mji wa Kale wanajua jinsi safari ya kupata kitambulisho ilivyoweza kuwa ndefu kwa familia zao, na kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 6 akague cheti cha kuzaliwa sasa, alinganishe herufi kwa herufi na rekodi ya shule, na apeleke ombi la marekebisho kwa msajili kabla tathmini ya kwanza haijafika.